Pete Seeger, migomo ya wafanyakazi na haki za weusi Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu ile muvi ya Bob Dylan itoke mwishoni mwa 2024 watu wanauliza yule mzee mpole mwenye banjo, ambaye Edward Norton kamuigiza, ni nani na kwani alifanya nini cha maana. Maswali ni yale yale yanajirudia kwahiyo nimeyaweka sehemu moja. Kama shida yako ni ule wimbo wa We Shall Overcome (yaani tutashinda) tu, ruka mpaka sehemu ya haki za weusi, huko ndo kwenye nyama.

## Ya mwanzo mwanzo

Pete Seeger ni nani kwa kifupi?

Mwanamuziki wa Kimarekani, mpiga banjo na gitaa, kazaliwa New York tarehe 3 Mei 1919 na kafariki huko huko tarehe 27 Januari 2014 akiwa na miaka 94. Kaimba kwenye migomo ya wafanyakazi miaka ya 40, kashtakiwa na Bunge miaka ya 50, katembea na Martin Luther King miaka ya 60, na akiwa na miaka 92 bado yuko barabarani na magongo mawili anaandamana.

Kitu kimoja ambacho ukikishika mapema mengine yote yanakuwa rahisi: huyu hakuwa staa wa kutunga vibao, ingawa na vibao alitunga. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba nyimbo, anaupata wimbo kwa watu wa huku anaupeleka kwa watu wa kule, halafu anahakikisha ukumbi mzima unaimba hata wale wanaojidai hawajui kuimba.

Alikuwa mtoto wa wakulima au wachimba makaa?

Wala. Baba yake, Charles Seeger, alikuwa msomi wa muziki na mama yake alipiga violini, yaani familia ya watu waliosoma kabisa. Yeye mwenyewe aliingia Harvard akaacha 1938 bila kumaliza. Kilichomvuruga akili ni safari ya 1936 kwenda Asheville, North Carolina, kwenye tamasha la muziki wa milimani, akasikia banjo ya nyuzi tano ikipigwa na watu wa kawaida wasiojua noti hata moja, na hakutoka hapo tena.

Wapo wanaosema alikuwa anaigiza umaskini. Sawa, mashati ya kikulima alivaa sana, lakini mtu aliyejijengea kibanda cha magogo kwa mikono yake kule Beacon, kando ya mto Hudson, na akaishi hapo hapo na mkewe mpaka uzeeni, mi siwezi kumuita muigizaji.

Hizi nyimbo alizipata wapi?

Kwanza ofisini. Alifanya kazi na Alan Lomax kwenye hifadhi ya nyimbo za kiasili ya maktaba ya Bunge la Marekani, akisikiliza santuri moja baada ya nyingine, nyimbo za wafungwa, za makanisa ya weusi, za wachimba makaa. Pili kwa watu wenyewe, hasa Lead Belly, mwanamuziki mweusi kutoka Louisiana aliyewahi kufungwa jela, na Woody Guthrie wa Oklahoma. Guthrie alikutana naye tarehe 3 Machi 1940 New York kwenye konseti ya kuchangia wafanyakazi wa mashambani waliohama makwao, na baada ya hapo wakasafiri pamoja. Guthrie ndo alimfundisha ule ujanja wa kuingia baa, kuimba nyimbo mbili tatu, kupata hela ya kula na kuondoka.

Banjo si ni chombo cha wazungu wa milimani?

Asili yake ni Afrika Magharibi, ililetwa Marekani na watu waliopelekwa utumwani, wazungu wakaichukua baadaye. Seeger aliirefusha shingo ili apate sauti za chini zaidi, na 1948 akaandika kitabu cha kujifunzia kilichofundisha watu wengi sana kupiga. Kwenye ngozi ya banjo yake aliandika maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "mashine hii inaizingira chuki na kuilazimisha isalimu amri". Alikuwa anamjibu Guthrie kiaina, maana Guthrie kwenye gitaa lake aliandika kwamba mashine yake inaua mafashisti.

## Wafanyakazi na migomo

Hivi wimbo unasaidia nini kwenye mgomo? Bosi anaogopa wimbo?

Bosi haogopi wimbo, anaogopa watu wasiotawanyika. Mgomo kwa sehemu kubwa ni kusimama nje ya geti la kiwanda kwenye baridi wiki ya kwanza, ya pili, ya sita, hela nyumbani imeisha, mke anauliza, jirani keshaanza kurudi kazini kimya kimya. Hotuba hazikai kichwani muda wote huo ila wimbo unakaa, na mkiimba wote mnasikia mko wangapi.

Ndo maana nyimbo nyingi za migomo zilitumia tuni ambazo watu walishazijua kanisani au kwenye nyimbo za zamani, maneno tu yanabadilishwa, hakuna haja ya mazoezi. Mfano ambao Seeger aliurudia maisha yake yote ni wa Florence Reece, mke wa mchimba makaa wa Harlan County, Kentucky. Mwaka 1931 watu wa sherifu J. H. Blair walivamia nyumba yake wakimtafuta mumewe Sam aliyekuwa anaongoza chama cha wafanyakazi, Sam hayupo, mama yuko ndani na watoto. Walipoondoka akachana karatasi ya kalenda ukutani akaandika hapo hapo maneno ya Which Side Are You On, yaani wewe uko upande gani, juu ya tuni ya zamani, na Blair mwenyewe kamtaja kwa jina ndani ya wimbo. Miaka kumi baadaye kina Seeger wakaurekodi, ukaanza kusafiri, na mpaka leo watu wanaubadilisha maneno kulingana na ugomvi walionao.

Almanac Singers walikuwa kina nani?

Kundi la 1941 la New York: Seeger, Lee Hays, Millard Lampell, na Guthrie alipojiunga, pamoja na wengine waliokuwa wanaingia na kutoka. Waliishi nyumba moja, wakala chungu kimoja, na kodi waliilipa kwa kuwaita watu Jumapili waje kusikiliza muziki kwa kiingilio kidogo. Mei 1941 waliimba Madison Square Garden mbele ya wafanyakazi wa mabasi na treni za New York kama 20,000 hivi.

Ila kisa ninachokipenda ni cha San Francisco kiangazi hicho hicho, kwenye mkutano wa makuli wa bandari, chama cha Harry Bridges. Vijana wanne wanaingia na magitaa katikati ya kikao na makuli wanaguna, hawa waimbaji wa porini wanatafuta nini hapa sisi tuna kazi za kufanya. Wakaimba hivyo hivyo, wimbo wa kwanza, wa pili, na wa Bridges mwenyewe, mpaka wanamaliza ukumbi mzima umesimama unapiga makofi, na wakati wanatoka makuli wanampiga Guthrie mgongoni kwa furaha mpaka karibu aanguke. Seeger alikuwa na miaka 22. Ukitaka kujua kwa nini hakuacha hii kazi, nadhani jibu liko pale.

People's Songs ilikuwa nini na kwa nini ilikufa?

Seeger alikwenda jeshini 1942, akapelekwa mpaka kisiwa cha Saipan huko Pasifiki, na aliporudi mwisho wa 1945 yeye na wenzake wakaanzisha People's Songs. Wazo lilikuwa hili: kila chama cha wafanyakazi Marekani kiwe na kwaya yake, na wao wawe wanatuma jarida lenye nyimbo mpya kila mwezi. Wazo zuri sana. 1949 likafilisika.

Kosa halikuwa la nyimbo. Mwaka 1947 ilipita sheria ya Taft-Hartley iliyowataka viongozi wa vyama vya wafanyakazi waape kwamba wao sio wakomunisti, na 1949 na 1950 shirikisho la CIO likavifukuza vyama 11 vya mrengo wa kushoto, vyama vile vile ambavyo vilikuwa vinamwita Seeger aje kuimba. Juu ya hapo 1948 waliweka nguvu zote kwenye kampeni ya urais ya Henry Wallace, ambaye alishindwa vibaya.

Kwahiyo vyama vya wafanyakazi vilimtupa?

Vingi ndio, na hii watu huwa hawaisemi. Unasikia tu "mwimbaji wa wafanyakazi" unadhani walimbeba miaka yote, kumbe kuanzia miaka ya 50 viongozi wengi wa vyama hawakutaka hata kuonekana naye. Alibaki na shule, kambi za watoto na vyuo, analipwa hela ya nauli na kidogo juu. Kwa kejeli ya mambo, hao watoto ndo waliokuja kuwa wanafunzi wa miaka ya 60 waliojaza mabasi kwenda Kusini.

## Haki za weusi

Ni kweli Seeger ndo alitunga We Shall Overcome?

Hapana, hapana, na hapana tena, na yeye mwenyewe alichoka kusema hapana.

Mizizi yake ni nyimbo za makanisa ya weusi, na mwanzoni mwa karne ya 20 mchungaji Charles Albert Tindley wa Philadelphia alichapisha wimbo wa injili wenye wazo hilo hilo la kushinda siku moja. Tuni inayoimbwa leo iko karibu zaidi na wimbo mwingine wa kanisani. Kilichoutoa kanisani ukaingia barabarani ni mgomo: Oktoba 1945 wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha American Tobacco kule Charleston, South Carolina, wengi wao wanawake weusi, waligoma miezi kadhaa, na mmoja wao, Lucille Simmons, alikuwa anaifunga siku kwa wimbo huu, polepole sana, anavuta kila neno.

Baadhi ya wagomaji wakaenda Highlander, shule ya watu wazima milimani Tennessee ambako weusi na weupe walikaa darasa moja wakati sheria inakataza. Pale Zilphia Horton, mkurugenzi wa muziki, akaudaka. 1947 akamfundisha Seeger. Seeger akauchapisha kwenye jarida la People's Songs, akaongeza beti, akabadilisha neno hapa na pale na kuupigia banjo. Septemba 1957 Highlander ilikuwa inatimiza miaka 25 na Seeger akauimba mbele ya Martin Luther King na Rosa Parks. King baadaye kwenye gari akasema ule wimbo unamganda kichwani.

Bado haujawa wimbo wa harakati. Hiyo ni kazi ya Guy Carawan, mzungu kijana aliyechukua nafasi ya muziki pale Highlander, ambaye Aprili 1960 aliwafundisha wanafunzi weusi waliokusanyika Raleigh kuanzisha kamati yao ya SNCC. Wanafunzi wakasimama, wakashikana mikono kwa kupishanisha, wakaupokea kwa mdundo wao wa kanisani ambao Seeger hakuwa nao, na kuanzia hapo ukawa wao. Mwaka 1965, tarehe 15 Machi, Rais Johnson alipokuwa analihutubia Bunge kuhusu haki ya kupiga kura akayatumia maneno yake.

Na ule ubeti wa "hatuogopi" hautoki kwa mwanamuziki yeyote. 1959 polisi walivamia Highlander usiku, taa zimezimwa, na binti wa miaka 14 kutoka Montgomery, Jamila Jones, akaanza kuimba gizani kwamba hatuogopi, wenzake wakaitikia.

Ukitoa wimbo huo, alifanya nini kingine Kusini?

Mengi, ila mi nitakupa machache yenye uzito.

Mwaka 1962 alifika Albany, Georgia, ambako watu walikuwa wanajazana jela na makanisani wakiimba. Albany haikuhitaji mtu wa kuifundisha kuimba, na kwa heshima yake hilo aliliona. Alichowashauri SNCC ni waunde kundi lizunguke nchi nzima likiimba hivyo hivyo ili lichangishe hela na kuwaeleza watu wa Kaskazini kinachoendelea. Ndo wakazaliwa Freedom Singers: Cordell Reagon, Bernice Johnson, Rutha Harris na Charles Neblett, sauti nne bila chombo. Safari yao ya kwanza ilipangwa na Toshi, mke wa Seeger (soma swali lake chini, huyu mama anasahaulika sana).

Julai 1963 alikuwa Greenwood, Mississippi, pamoja na Theodore Bikel na Bob Dylan, wanaimba shambani kwa ajili ya watu waliokuwa wanaandikisha wapiga kura. Agosti 1964 alirudi Mississippi, na tarehe 4 alikuwa stejini mjini Meridian alipoletewa taarifa kwamba miili ya vijana watatu waliopotea tangu Juni, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, imepatikana imefukiwa kwenye tuta la bwawa. Chaney alikuwa mtoto wa hapo hapo Meridian. Seeger ndo aliyewatangazia watu waliokuwa ukumbini, halafu wakaimba.

Machi 1965 yeye na Toshi walitembea kwenye maandamano ya Selma kwenda Montgomery, na njiani alikuwa anajaribu kunakili nyimbo ambazo waandamanaji walikuwa wanazitunga wakitembea.

Mzungu anaongoza nyimbo za watu weusi, hii ni sawa?

Swali halali kabisa na waliliuliza hata wakati ule. Jibu langu ni kwamba pale alipofanya vizuri alikuwa mtu wa kusogeza: alipeleka wimbo, alipeleka hela, alifungua ukumbi, akakaa pembeni. Albany ni mfano mzuri, angeweza kurudi New York akarekodi zile nyimbo mwenyewe kwa banjo na dunia ingempigia makofi, badala yake akasema wapelekeni wenyewe wenye sauti.

Pale alipofanya vibaya ni kwenye makaratasi, soma swali la Mbube huko chini.

Na tusisahau nani alikuwa anaimba wakati hamna kamera. Agosti 1962 Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba Mississippi, alikwenda Indianola na wenzake kwa basi kujiandikisha kupiga kura. Wanarudi, polisi wanalisimamisha basi eti rangi yake ni ya njano mno inafanana na basi la shule, watu ndani wameanza kutetemeka, na mama kutoka nyuma akaanzisha wimbo wa kanisani. Hakukuwa na Seeger pale. Usiku huo huo bosi akamfukuza kwenye shamba alilofanya kazi miaka 18.

Na Harry Belafonte je?

Huyo anastahili ukurasa wake. Kwa kifupi Belafonte, mwimbaji mweusi, alikuwa na umaarufu na pesa ambazo Seeger hakuwa nazo, na alizimwaga: Agosti 1964 yeye na muigizaji Sidney Poitier walibeba dola 70,000 taslimu mpaka Greenwood kwa ajili ya SNCC, gari la wabaguzi likiwafukuza usiku. Uhusiano wake na Afrika Mashariki uko kwenye swali la karibu na mwisho.

## Siasa, kesi na kufungiwa

Alikuwa mkomunisti au ni propaganda tu?

Alikuwa. Aliingia umoja wa vijana wa kikomunisti akiwa mwanafunzi, chama chenyewe akajiunga 1942, akatoka kimya kimya mwishoni mwa miaka ya 40 au hapo 1950. Kadi aliacha, mrengo wa kushoto hakuacha.

Doa kubwa ni la 1941. Almanac Singers walitoa albamu ya kumponda Roosevelt kwa kutaka kuiingiza Marekani vitani, wakati huo Moscow ina mkataba na Hitler. Juni 22 Hitler akaivamia Urusi, albamu ikaondolewa sokoni haraka, na mwaka uliofuata kundi lile lile linaimba kuunga mkono vita. Hilo huwezi kulipamba. Kuhusu Stalin alikuja kuomba radhi kwa maandishi miaka ya 90, na 2007 akatunga wimbo wa kumlaani. Kachelewa sana kwa maoni yangu.

Peekskill kulitokea nini?

Septemba 4, 1949, konseti ya Paul Robeson, mwimbaji mweusi wa mrengo wa kushoto, karibu na mji wa Peekskill, New York. Wiki moja nyuma ilikuwa imevunjwa na genge, safari hii vyama vya wafanyakazi vikaleta walinzi wao na konseti ikafanyika. Shida ilianza watu wanaondoka: magari yakaelekezwa kwenye barabara moja na pembeni kuna watu wamejipanga na marundo ya mawe, polisi wapo wanaangalia. Zaidi ya watu 140 waliumia. Seeger alikuwa garini na mkewe na watoto wadogo, vioo vikavunjwa vyote. Mawe yaliyoingia ndani ya gari aliyachukua akayajengea bomba la moshi la kile kibanda cha Beacon.

Kwa nini Bunge lilimshtaki?

Agosti 18, 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa inawasaka wakomunisti, kikao kilikuwa New York. Wengi waliitwa wakachagua moja kati ya mawili: kutaja majina ya wenzao, au kutumia Marekebisho ya Tano ya katiba, ile haki ya kutojitia hatiani, ambayo inakulinda na jela ila kazini wanakufukuza. Seeger hakutaka zote. Alisema hatajibu maswali kuhusu imani yake, dini yake, siasa zake wala alivyopiga kura, kwamba hayo hayamhusu mtu yeyote, na akajitolea kuwaimbia wimbo wanaomuuliza. Wakakataa kuimbiwa.

1957 akashtakiwa kwa makosa 10 ya kulidharau Bunge, 1961 akahukumiwa mwaka mmoja kwa kila kosa, zote zikitumikiwa kwa pamoja. Mei 1962 mahakama ya rufaa ikaifuta kesi kwa sababu hati ya mashtaka ilikuwa na kasoro. Yaani hakushinda kwa hoja yake ya uhuru wa mawazo, alishinda kwa kasoro ya makaratasi, ingawa watu huwa wanasimulia vingine.

Kufungiwa kwake kulikuwaje, marufuku ya serikali?

Hakukuwa na barua ya serikali kwamba huyu asipigwe. Lilikuwepo jarida la kuorodhesha wasanii "wabaya", wenye matangazo ya biashara wanaliogopa jarida, vituo vinaogopa kupoteza matangazo. Kundi lake The Weavers 1950 lilikuwa na wimbo wa Lead Belly uliokaa namba moja Marekani wiki 13, na 1952 halina ukumbi wa kuimba, likavunjika. Lilirudi 1955 kwa konseti moja ya Krismasi Carnegie Hall ambayo ilijaa.

Kwenye TV alifungiwa muda mrefu zaidi. 1963 ABC walianzisha shoo ya muziki wa aina yake hasa wakamkataa, Joan Baez na wengine wakaisusia. Septemba 1967 CBS walimrudisha halafu wakakata wimbo wake wa kumsema Johnson juu ya Vietnam, watu wakapiga kelele, ukaonyeshwa Februari 1968.

## Maswali ya pembeni na magumu

Mkewe alikuwa na mchango gani?

Toshi Ohta, baba yake Mjapani, walioana 1943 Seeger akiwa jeshini. Mahesabu, safari, simu, mikataba, watoto, kuni, chakula cha wageni 40 waliokuja bila taarifa, vyote yeye. Bila Toshi, Seeger angekuwa kijana mwenye banjo aliyepotea kituo cha basi. Alifariki Julai 2013, siku chache kabla ya ndoa yao kutimiza miaka 70.

Kesi ya Mbube: alimuibia Solomon Linda?

Linda, mwimbaji Mzulu, aliurekodi wimbo wa Mbube na kundi lake Johannesburg 1939 na haki zikachukuliwa na kampuni ya rekodi kwa shilingi 10. Lomax akampa Seeger santuri, The Weavers wakauimba, 1961 kundi la The Tokens likaugeuza kuwa kibao cha dunia nzima, na Linda akafa 1962 maskini. Seeger aliwahi kumtumia dola 1,000 na akataka alipwe mirabaha, ila hakufuatilia, na baadaye alikiri hivyo. Familia ilipata makubaliano 2006 tu.

Kuiba kwa kukusudia, sidhani. Lakini mtu aliyewafundisha wafanyakazi kusoma mkataba kabla ya kusaini alipaswa kuuliza mkataba wa Linda uko wapi.

Ni kweli alitaka kukata waya kwa shoka Dylan alipopiga gitaa la umeme?

Ni tamasha la Newport, Julai 1965. Shoka hakushika. Alisema mwenyewe kwamba alikwenda kwa mafundi mitambo akawaambia sauti imevurugika maneno hayasikiki, na kwamba angekuwa na shoka angekata waya. Kwake maneno yasiposikika wimbo haupo, ukumbi utaitikia nini sasa.

Ana uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Mdogo, tusiulazimishe. Kiungo kimoja kinapita kwa Belafonte: 1959 yeye, Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walisaini barua ya kuchangisha hela za ndege iliyowapeleka wanafunzi wa Kenya kusoma Marekani, ule mpango wa Tom Mboya. Na 1965 Belafonte na Miriam Makeba wakatoa albamu yenye Malaika ndani.

Uzeeni alistaafu?

Alihamia kwenye maji. 1969 yeye na wenzake waliingiza mtoni jahazi la Clearwater kupiga kelele kuhusu uchafu wa viwanda kwenye mto Hudson. Januari 2009 aliimba na Bruce Springsteen kwenye konseti ya kuapishwa Obama, na akaimba zile beti za This Land Is Your Land, wimbo wa Guthrie, za kupinga mali binafsi ambazo shuleni huwa zinarukwa. Oktoba 2011 ndo yale maandamano ya magongo mawili, ya Occupy (ya kupinga nguvu ya mabenki na matajiri), usiku, New York.

Nianze kusikiliza wapi?

Rekodi ya konseti ya Carnegie Hall ya tarehe 8 Juni 1963. Usisikilize sauti yake, ni ya kawaida tu. Sikiliza anavyowatajia watu mstari unaofuata haraka haraka kabla tuni haijafika, nusu anasema nusu anaimba, kiasi kwamba asiyejua wimbo hana kisingizio. Ubeti wa pili unamkuta keshaacha kuimba na ukumbi ndo unaimba.

Naruhusiwa kuimba We Shall Overcome kwenye shughuli au video yangu bila kulipa?

Kwa Marekani ndio, tangu Januari 2018 kesi ilipomalizwa kwa makubaliano kwamba tuni na maneno ni mali ya umma. Kabla ya hapo hakimiliki ilikuwa kwa jina la Horton, Carawan, Seeger na Frank Hamilton, na mirabaha ilikuwa inaingia kwenye mfuko wa Highlander wa kusaidia kazi za weusi Kusini, hawakuila. Ila hiyo ni kwa wimbo wenyewe ukiuimba wewe. Ukichukua rekodi ya mtu, iwe ya Seeger, ya Baez au ya kwaya yoyote, rekodi ina mwenyewe na utaombwa kibali.